Zege la Iyunga

Jumamosi iliyopita nilikuwa Iringa kwenye harusi ya mjukuu wa Bi Rukia, na vijana wa meza ya jirani nusura washikane mashati kwa sababu ya chipsi mayai. Pilau lilikuwa limechelewa, na njaa ikichelewa kulishwa hutafuta ubishi. Kijana mmoja wa Dar, suti imembana mpaka anakaa kwa adabu, alisema jina la utani la chipsi mayai, "zege", limezaliwa kwao, kwa kuwa kila neno la mjini huzaliwa Dar kisha likapanda basi kuja mikoani. Mwenzake akasema wee, hilo ni la wanafunzi wa Mwanza. Wa tatu akaapa kwa mama yake kwamba ni la Arusha. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua hawataamini. Mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Waambie, Mhehe wewe! Waambie nani alilibatiza!" Alikuwa Mzee Haule, fundi mwashi wa zamani, sasa anatembelea fimbo na meno ya mbele yameshaaga, lakini sauti ni ile ile ya kumwita mtu aliye ghorofa ya tatu. Vijana wote wakanigeukia. Nikawajibu, "Sijui, wanangu." Haule akaguna kwa hasira ya uongo. Lakini kweli sijui. Nchi hii ina mafundi wengi na wapishi wengi, na mayai yaliyoshikana na viazi yanafanana na zege popote pale utakapoyapika. Huenda neno hili limezaliwa mara nyingi, na kila mahali wakadhani ni la kwao peke yao. Ninachokijua mimi ni namna lilivyozaliwa Iyunga, huko Mbeya, mbele ya jiko letu, mwaka nilioishi kwa Bi Rukia.

Habari za ukoo wangu nitaziacha. Zina wenyewe, na wakishika zamu ya kusimulia watu husinzia. Itoshe kusema kwamba nilitokea pande za Tosamaganga, nilikuwa na umri wa kuitwa dada na kila mtu, na nilifika Mbeya kwa sababu Bi Rukia alitaka mtu wa kumenya viazi. Siku ya kuondoka shangazi alinichinjia jogoo mzima. Mtu aliyeagwa kwa jogoo hawezi kurudi baada ya miezi michache na kusema kazi imeisha. Nyumbani wangenipokea vizuri, wangenipa chai, na kisha wangenicheka mpaka nizeeke. Wahehe tunajua kucheka, tena bila kufungua mdomo.

Bi Rukia alizaliwa Mbeya, mama yake alizaliwa Mbeya, lakini babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka Bagamoyo, kwa hiyo Bagamoyo ndiko kulikokuwa "kwetu", ingawa hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Kiswahili chake kilikuwa cha huko "kwetu", cha pwani. Nikisema "kiti ingine" aliweka kisu chini, akanitazama, akasubiri mpaka niseme "kiti kingine". Tuliishi chumba kimoja kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Katikati alikuwa ametundika kanga kuukuu. Upande wake kulikuwa na kitanda, mswala na sanduku la nguo zilizofukizwa udi. Upande wangu kulikuwa na godoro na magunia ya viazi. Nilizoea harufu ya udongo wa milima ya Uporoto, vilikolimwa viazi hivyo, kuliko ya sabuni. Kulipokuwa na baridi, na Mbeya baridi haina mwezi wake, nilisukuma gunia moja likanikinga upepo wa mlangoni. Leo nina nyumba yenye vyumba vya kutosha kupotea, na sijapata kulala vizuri kama nilivyolala nyuma ya lile gunia.

Ubaya wa kanga ni kwamba hazizuii maneno. Siku chache kabla ya Ramadhani, binti yake Mwajuma alikuja kutoka Iringa, mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Walidhani nimelala. "Mama, hilo karai la chipsi utalishika mpaka lini?" Mwajuma alisema. "Miguu inavimba, mafuta yanakuchoma. Uza vitu, njoo ukae kwangu. Mtoto atamjua bibi yake." Bi Rukia akajibu kwamba angefikiri. "Na huyu dada?" Mwajuma akauliza. "Atarudi kwao," akasema Bi Rukia, kwa sauti ya mtu ambaye hajalipenda jibu lake. Nililala pale macho kodo, natazama mgongo wa gunia. Niliumia, sitaficha. Si kwa kazi tu. Nilikuwa nimeshaanza kumwita mama moyoni, na hakuna aliyeniomba nifanye hivyo.

Asubuhi yake aliniita akanieleza wazi, maana hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Mwezi mtukufu asingekaa mchana mbele ya jiko. Wateja wetu, mafundi na vibarua wa jengo la ghorofa lililokuwa likipanda ng'ambo ya barabara, wengi wao Wakristo, hawakufunga na wangetaka kula. "Mimi siwauzii," alisema, "utawauzia wewe. Shika karai. Jiko likisimama mpaka Idi, tutazungumza upya. Likilala, nafunga kibanda, nakwenda kwa mwanangu, nawe unarudi kwenu na nauli yako mkononi. Wala pasiwe na kinyongo." Nikasema sawa, mama. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo kwa sauti, naye akajifanya hakusikia.

Sasa hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na sisi wawili tu. Bi Rukia alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuonja. Alijua kwamba mpishi anaruhusiwa kugusisha ulimi na kutema, lakini alisema hawezi kucheza na funga yake kwa ajili ya chumvi. Mimi ni Mkatoliki, ningeweza kula sufuria nzima. Lakini ningemung'unya vipi mbele ya mtu mzima aliyekauka midomo, ananimenyea viazi kwa hisani? Nilifundishwa kwamba ukiwa na mwenzio mwenye njaa, hutafuni mbele ya macho yake. Nikaacha kuonja. Kisha nikaacha kula kabisa mchana, bila kumwambia mtu, nikawa nasubiri futari kama yeye. Bi Rukia alidhani naonja. Mimi nilidhani mkono wangu umeshazoea. Mkono ulikuwa haujazoea chochote. Viazi nilivitoa kabla havijakauka, mayai niliyapiga bila chumvi, na kwa kuogopa kuunguza nilishusha moto, mafuta yakapoa, kile kitu kikashikana kikawa kigumu, cha kijivujivu, unakigeuza nacho kinageuka chote kwa pamoja kama kofia.

Haule ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Wakati huo alikuwa kijana wa mabega mapana, Mngoni wa Songea, na kwa kuwa Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu walipopigana mpaka wakachoshana, tangu siku ya kwanza alikuwa na ruhusa ya kunisema chochote, na mimi ya kumrudishia. Kununa ndiko kulikokatazwa. Alikata kipande, akatafuna, akatafuna tena, akasimama akawageukia wenzake. "Jamani, msimamizi ametuletea mshindani! Tazameni. Kokoto zipo, hizi hapa. Saruji ipo, imeshika barabara. Mchanga tu ndio umesahaulika, mtani, mchanga ndio chumvi!" Akagonga sahani kwa kijiko. "Hili ni zege!" Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Kula, Mngoni, angalau leo hujala panya." Wakacheka zaidi. Nilicheka na mimi, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikajifuta machozi kwa upindo wa kitenge, nikarudi.

Tangu hapo ikawa wimbo. "Dada, nipe zege." "Zege moja, na pilipili." Walikuwa wakisema kwa mzaha huku wakijipunguza, maana mzaha haushibishi. Mmoja mmoja walihamia kibanda cha jirani, ambako chipsi zilikuwa za rangi ya dhahabu na kila kiazi kinajitegemea. Bi Rukia alisikia lile neno akakasirika kweli. "Chakula hakitukanwi," alisema. "Chakula kinasikia. Riziki ya Mungu unaiita saruji, kisha unataka ikae nyumbani mwako?" Akanituma nimwambie Haule aache. Nikaenda nikamwambia. Haule akanitazama kwa huruma. "Mtani, nikiacha watu watasema nimekununia. Wewe tia chumvi, mimi nitabaki na kazi yangu." Nikaona kitumbua changu kinaingia mchanga hivi hivi, mchana kweupe.

Siku moja jioni tulikuwa tunafuturu: uji wa pilipili manga, magimbi, tambi kidogo za sukari. Nilikuwa nakula kwa pupa mno. Bi Rukia alishusha kikombe. "Vene, wewe mchana unakula nini?" Nikasema sili. "Huli?" Sili, mama. "Na chipsi unaonja saa ngapi?" Nikatazama magimbi. Nikadhani ananiandalia matusi ya Bagamoyo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akapiga paja, akaniita mjinga, akaniita mwanangu, vyote katika pumzi moja. "Masikini wa Mungu! Msikiti mzima haujanipa heshima hii. Wiki zote hizi watu wanalishwa na wanawake wawili wenye njaa ambao hakuna hata mmoja anayejua amepika nini!" Kesho yake alinikalisha mbele ya karai, akaniamuru, "Onja. Nakutazama. Onja tena." Chumvi ikarudi. Moto ukapanda. Lakini wateja, ndugu yangu, si kuku, kwamba ukimwaga mtama wanarudi. Waliokwenda walikuwa wamekwenda, na Mwajuma alishatuma salamu kwamba mumewe amepata gari la kubeba vitu baada ya Idi.

Nikiyatazama leo naona kwamba Bi Rukia alikuwa na hofu kama mimi. Wakati ule sikuona. Nilimwona mkubwa, mwenye kwao pawili, mwenye binti wa kumtunza. Sasa nimefika umri wake, na wanangu nao wameanza kuniambia, mama, njoo ukae. Wanasema kwa upendo, na kila wakisema nahisi mtu ananipokonya kijiko mkononi. Mwanamke aliyezoea kulisha barabara nzima, kumketisha kwenye sofa anywe chai si kumpumzisha. Ni kumzima taratibu.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha walipomwaga zege la ghorofa ya pili. Asiyewahi kuliona hajui nguvu za jambo hili. Zege halilali. Likianzwa asubuhi, litamalizwa siku hiyo hiyo, mvua inyeshe au jua liwake, kwa sababu ukiacha nusu, kesho ile nyingine haishikani nayo na slabu, ile sakafu ya ghorofa, inapata ufa. Siku hizo mashine hazikuwapo kwetu. Kulikuwa na makoleo, madumu ya maji, na mstari wa watu kutoka chini mpaka juu, karai linatoka mkono huu linaingia mkono ule, na mtu akitoka kwenye mstari, mstari wote unakatika. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Loleza tangu alfajiri. Msimamizi alipita akipiga kelele kwamba hakuna kushuka kula, anayeshuka asirudi. Saa sita ilipita. Wa kibanda cha jirani walipeleka sahani za chipsi, zikarudi zilivyokwenda. Nani ataokota kiazi kimoja kimoja kwa mkono wenye saruji huku karai linamjia?

Ndipo Haule alipopiga kelele kutoka juu, na Iyunga nzima ikasikia. "Mtani! We Mhehe! Lete kitu cha kushikika! Lete zege!"

Nilisimama na upawa mkononi. Nilijua ninachoweza kupika, maana nilishakipika kwa makosa wiki kadhaa. Tofauti ni kwamba safari hii kilikuwa na chumvi. Nikajaza viazi vilivyoiva vizuri kwenye kikaango, nikamwaga mayai mengi, nikaacha yashike mpaka katikati, nikageuza, nikakata vipande vinene kama vya mkate, nikavifunga kwenye karatasi. Nikavuka barabara na beseni kichwani. Vibarua wa chini wakafungua midomo kama makinda, nikawalisha kwa mkono wangu, mmoja baada ya mwingine, mikono yao haikuacha karai. Wa ngazini wakashika karatasi kwa meno. "Dada, huku!" "Ongeza huku, usipendelee!" Nikapanda mpaka juu; Haule alitafuna huku anasawazisha kwa ubao, akaninong'oneza, "Mtani, mchanga upo." Nikamwambia afunge mdomo wake ale.

Niliporudi na beseni tupu nikakuta kitu ambacho sikutarajia. Bi Rukia alikuwa ameketi mbele ya jiko, mchana wa Ramadhani, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, anapasua mayai. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mama, umefunga," nilisema. "Nimefunga kula, sijafunga kupasua mayai," akajibu. "Geuza hiyo, inaungua." Tukapika bega kwa bega. Trei la mayai likaisha. Watu juu wanaita. Nilitaka kwenda mimi, akanikatalia, akasema mwenye kuonja ni wewe, kaa hapo. Akachukua kikapu akapanda njia ya mlimani, mwanamke mwenye miguu iliyovimba, nyumba kwa nyumba kwa wake wa wakulima wa Kisafwa, anapiga hodi kwa Kiswahili chake cha pwani, anaomba mayai ya kienyeji. Alirudi na kikapu kimejaa, mengine yana manyoya bado, na nyuma yake mama wawili wamekuja kutazama ni harusi gani inayokula mayai kiasi hicho. Wakabaki kumenya viazi.

Slabu ilifungwa jua likiwa limeshajificha nyuma ya wingu. Walitandaza magunia juu yake, wakashuka, kila mtu mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, wakaja moja kwa moja kwetu. Si kwa jirani, kwetu. Walikaa kwenye mabenchi, kwenye matofali, chini. Hakuna aliyesema chipsi mayai. Mzaha ulikuwa umekwisha nguvu, limebaki jina tu, na mtu aliyechoka hutumia jina lililo jepesi mdomoni. "Zege, dada." "Zege mbili." Nikamtazama Bi Rukia kama amesikia. Alikuwa amesikia. Alikuwa anahesabu punje za tasbihi, hajanyanyua uso.

Adhana ikalia. Mvua nayo ikaanza, matone makubwa juu ya bati. Nikamletea tende na maji. Akafungua swaumu, akasema alhamdulillahi, akanywa mpaka mwisho. Nikamsogezea bakuli la uji. Akalirudisha kwa mgongo wa mkono.

"Nipe zege," alisema.

Haule alisimama na kijiko hewani. Nikamkatia kipande cha katikati, penye mayai ya Wasafwa, nikamwekea kachumbari pembeni. Alikula polepole, kwa vidole vitatu, kwa adabu zake zote, naye hakumtazama mtu. Mimi nilisimama pale na kikaango. Alimaliza chote. Akapangusa vidole.

"Mwajuma atazaa mwezi ujao," akasema. "Nitakwenda nimkande, nimwogeshe mjukuu wangu, nikae naye arobaini yake. Nitakwenda kama mgeni. Arobaini ikiisha narudi kwangu." Kisha akanitazama. "Na wewe, mwanangu, nikiwa huko, jiko lisilale."

Nikasema ndiyo, mama, na safari ile hakujifanya hakusikia.